Dizeli haina taimingi? Nani kawaambia!

Haya wadau, nimerudi. Nimepotea tangu Ijumaa na simu zenu nimeziona. Nilikuwa Masaki. Kabla hamjaanza maneno yenu, sio ile Masaki ya mabalozi na ufukwe, ni Masaki ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, kule kwenye mihogo na mikorosho. Naandika nikiwa kwenye kimbweta saa nne usiku, kucha zina grisi bado, na leo sina utani. Nina hasira, acha niitoe.

Mjomba wangu ana Corolla wagon ya miaka ya tisini, injini ya 2C, dizeli, silinda nne, lita mbili. Mchana inabeba mihogo kwenda Gongo la Mboto. Usiku, mtu akizidiwa pale kitongojini, ndiyo inayompeleka hospitali ya wilaya Kisarawe mjini. Hakuna gari lingine la karibu, ndio hilo hilo.

Miezi miwili iliyopita mjomba alipeleka gari gereji moja Dar, siitaji jina, kubadilisha mkanda wa taimingi. Gari likarudi bovu kuliko lilivyokwenda. Asubuhi haliwaki mpaka lisukumwe. Likiwaka linatoa moshi mweupe unaouma macho kama mtu kachoma majani mabichi. Kile kipande cha kupanda kutoka Pugu kwenda Kisarawe linapanda kwa gia namba moja, na mafuta linakunywa. Mjomba akarudi gereji. Unajua alijibiwaje? "Mzee, dizeli haina taimingi, taimingi ni za petroli zenye plagi. Hii injini imechoka. Tuitoe, tukufungie ya petroli."

Bei aliyotajiwa ilitosha kumfanya aanze kutafuta mnunuzi wa shamba lake la mikorosho. Na kabla mnunuzi hajapatikana, usiku mmoja dada mjamzito akashikwa na uchungu, gari likagoma kuwaka, ikabidi apandishwe bodaboda katikati ya watu wawili. Alifika salama, Mungu mkubwa. Lakini mjomba aliponisimulia sauti yake ilikuwa imekatika. Ndio maana nikapanda gari Ijumaa ile ile.

Sasa tuanze na huo uongo wenyewe. Eti dizeli haina taimingi! Jamani, dizeli ndiyo kila kitu chake ni taimingi. Injini ya petroli inawashiwa moto na plagi. Dizeli haina cheche. Inabana hewa peke yake mpaka ujazo wake unapungua zaidi ya mara 20, hewa inakuwa ya moto kiasi kwamba mafuta yakipuliziwa humo yanajiwakia yenyewe. Hilo ndilo wazo alilolipigania Rudolf Diesel, na injini yake iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa mwaka 1897 kule Augsburg, Ujerumani. Kwa hiyo dakika ya kupulizia mafuta ndiyo cheche yenyewe. Ukiwahi, injini inagonga kama mtu anatwanga kinu cha chuma. Ukichelewa, pistoni imeshaanza kushuka, mafuta hayaungui yote, unapata moshi mweupe, gari zito, na bomba la eksozi linachemka bure.

Na tuhesabu kidogo, maana wengine humu tumesoma hesabu kwa mkopo wa serikali. Injini ikiwa kwenye sailensa ya mizunguko 800 kwa dakika, krenki inapita nyuzi 4,800 kwa sekunde moja. Jino moja la mkanda ukikosea ni zaidi ya nyuzi 10 za krenki. Yaani umechelewa kama sehemu moja ya 480 ya sekunde. Unaona ni kitu kidogo eh? Kwa injini hicho ni kiama. Halafu mtu anakuambia anapanga taimingi kwa kusikiliza, kichwa kainamisha, bisibisi sikioni. Sikio gani hilo?

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tukalipaki gari chini ya mwembe. Mimi na kitabu cha ufundi cha injini hiyo kwenye simu, mjomba, na mzee mmoja wa pale kijijini aliyekuwa fundi matrekta zamani. Mimi nikajiona ndiye injinia. Tukatoa waya wa betri, tukafungua hita plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi kwa mkono, tukatoa kifuniko cha mkanda. Nikaweka spana kwenye boliti ya puli ya krenki, nikazungusha upande inaokwenda yenyewe mpaka alama ya krenki ikakaa topu, yaani pistoni ya kwanza iko juu kabisa. Nikatazama puli ya kemu, alama iko chini! Nikapiga kelele: "Mjomba, wametuharibia, kemu imefungwa kinyume!"

Mzee akacheka taratibu. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni topu ipi? Mbona ziko mbili." Nikanyamaza. "Zungusha tena mzunguko mmoja mzima."

Nikazungusha. Alama ya kemu ikaja ikakaa mahali pake kabisa.

Wadau, mimi huyu nina B+ ya somo hilo. Nimechora mzunguko wa dizeli kwenye karatasi ya mtihani mara sijui ngapi, mstari haujapinda. Nimeandika kwamba krenki inazunguka mara mbili wakati kemu inazunguka mara moja, nikapewa maksi zangu. Ila kuiona kwenye chuma sijawahi. Pistoni ya kwanza inafika juu mara mbili: mara moja imebana hewa, mara nyingine inatoa moshi. Krenki peke yake haikuambii uko kwenye ipi, kemu ndiyo inayokuambia. Mzee hakusoma chuo, na alinifundisha hilo bila kunidhalilisha. Madesa tunayokariri usiku kucha yanatufikisha mpaka mlango wa gereji tu, ndani hatujui pa kushika.

Sasa alama ya tatu, ya puli ya pampu. Hiyo ndiyo ilikuwa imelala nyuma jino moja. Jino moja! Na si hivyo tu. Mwili wa pampu una mstari mdogo uliochongwa kiwandani, unaopaswa kutazamana na mstari wa pale ilipofungwa. Huo wa kwetu ulikuwa umesokotwa mpaka mwisho wa tundu za boliti. Yaani jamaa alijua gari limechelewa, akajaribu kuliwahisha kwa sikio kwa kuzungusha pampu, ikashindikana, ndipo akatunga hadithi ya injini iliyochoka. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia. Kukosea jino moja ni ubinadamu, pampu ina springi ndani na puli yake huruka ukitoa mkanda. Lakini kukataa kuangalia tena, halafu ukamwambia mzee wa watu auze shamba? Hilo sio kosa la ufundi, ni wizi.

Tulichofanya hakina uchawi. Tukalegeza kikaza mkanda, tukavua mkanda, tukairudisha puli ya pampu jino moja huku mzee ameishikilia isiruke, alama zote tatu zikakaa pamoja. Tukaurudisha mwili wa pampu kwenye mstari wake, kwa kulegeza kwanza nati za mabomba yanayokwenda kwenye nozeli. Tukafunga. Kisha kitu muhimu kuliko vyote: tukazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, tukakagua alama upya. Ukihisi chuma kimegusa chuma, simama hapo hapo, usilazimishe. Kwenye injini hizi taimingi ikihama sana pistoni inapiga valvu, na hapo ndio ovahoo ya kweli.

Jumapili tukamalizia kwa geji. Nilikuwa nimeiazima Ijumaa kwa fundi pampu mmoja pale Gerezani, nikamwachia kitambulisho cha chuo rehani. Geji yenyewe ni kama saa, ina mshale, unaifunga nyuma ya pampu pale katikati, inapima pistoni ya pampu imesogea kiasi gani krenki inapofika topu. Ni sehemu za milimita. Namba unaitoa kwenye kitabu cha injini yako, usichukue ya jirani. Pampu ukiisogeza upande mmoja inawahi, upande wa pili inachelewa, mpaka namba itimie. Kazi imeisha.

Gari liliwaka. Halikuwa jipya, nisiwadanganye, asubuhi moshi kidogo ulibaki na tukakuta hita plagi moja imekufa, tukanunua nyingine. Moshi mweupe peke yake sio ushahidi wa taimingi, unaweza kuwa hita, hewa kwenye mafuta, au kweli injini imechoka. Ndio maana unapima kabla ya kutoa hukumu! Jioni mjomba alipanda kutoka Pugu na magunia ya unga nyuma kwa gia namba tatu. Alikuwa anapiga honi njiani kama bwana harusi.

Najua kuna wenzangu wa uhandisi mtasema kazi hii si ya chini ya mwembe, itafanya kila mtu aue injini yake. Nawasikia. Kuna kazi za kupeleka kwa wenye mashine: kufungua pampu ndani, kupima nozeli. Hizo usiguse nyumbani, na usiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza, mafuta yale yanatoboa ngozi. Na dizeli mpya zinapangiwa muda wa kupulizia na kompyuta, huko pampu hakuna cha kuzungusha kwa spana. Lakini alama tatu za 2C ziliwekwa na aliyeitengeneza ili mtu mwenye spana na subira azione. Gereji ile ilikuwa na paa, jeki na kompresa, ikakosa. Mwembe wa Masaki ukapata, kwa sababu pale watu walizungusha mara mbili na kuangalia.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Wazazi na wajomba zetu huko nyumbani wana hizi gari za dizeli, na kila siku wanaambiwa toa, tupa, funga petroli. Akija mtu na maneno hayo, mwambieni kwanza anionyeshe alama tatu. Akizionyesha zimekaa sawa na injini bado mbovu, tutazungumza. Akikataa kufungua kifuniko, chukueni ufunguo wenu muondoke.

Na sisi tunaosubiri boom hapa tukijiita mainjinia watarajiwa, likizo hii tafuteni mzee wa kijijini kwenu mwenye spana. Mpeni shikamoo, mkae chini, muulize topu ziko ngapi.

Kesho asubuhi nakwenda Gerezani kurudisha geji ya watu na kukomboa kitambulisho, maana bila hicho maktaba siingii na kuna jaribio Jumatano. Tuko pamoja.