Mkristo, soma habari kabla ya kukemea

SISI vijana wa kanisa tuna tabia moja. Tukiona neno 'ushoga' kwenye simu, kidole kinasambaza kabla macho hayajafika mstari wa pili.

Kumbuka Februari 24, 2023. Majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba shirika la NGLHRC, linalotetea haki za mashoga na wasagaji, lisinyimwe usajili. Mtaani habari ikageuka: eti Kenya imeruhusu ndoa za jinsia moja!

Hapana. Kesi ilihusu haki ya watu kujumuika. Kifungu cha 45 cha Katiba bado kinataja ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Sehemu ya 162 ya Sheria ya Adhabu, yenye kifungo cha miaka 14, bado ipo. Mahakama Kuu ilikataa kuifuta mwaka wa 2019.

Desemba 2023 ikawa zamu ya Vatican. Hati ya Fiducia Supplicans ilisema padri anaweza kuwabariki watu wawili wa jinsia moja kwa sala fupi, bila ibada wala chochote kinachofanana na harusi. Ilirudia pia kwamba ndoa ni ya mume na mke. Vichwa vingi vya habari vilibeba nusu ya kwanza tu, maana hiyo ndiyo huleta wasomaji.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika walijibu Januari 2024 kupitia Kardinali Fridolin Ambongo. Walisoma hati, wakasema baraka hizo hazifai kwetu, na papo hapo wakasisitiza kwamba watu hao waheshimiwe utu wao. Huko ndiko kupinga kwa kiakili. Hawakumtusi mtu.

Najua kuna atakayesema, "Kichwa ama habari, yote ni mamoja, dhambi ni dhambi." Sawa, shikilia imani yako. Lakini amri ya kutoshuhudia uongo iko kwenye Biblia hiyo hiyo, na haijaweka kando posti za WhatsApp. Tena uongo huu una bei. Mlipaji si mhariri wala pasta. Ni kijana anayefungiwa mlango na landilodi, au anayefukuzwa kwao kwa sababu ya tetesi, wiki ambayo mtaa mzima umepandwa na hasira.

Wanahabari nao wasijifiche nyuma ya 'tuliripoti tu'. Kichwa kinachopotosha ni kosa hata kama aya ya tano inasema kweli. Ukikiona, Baraza la Vyombo vya Habari lina tume ya kupokea malalamishi. Andika.

Basi Jumapili hii, kabla kiongozi wa vijana hajapanda madhabahuni kukemea habari ya wiki, mwulize swali moja: umeisoma yote?