Kwani Pwani Hatuna Tilapia Wetu?

Wadau, kila kikundi cha vijana Kwale kikisema kinataka kufuga samaki, ushauri ni ule ule: chimbeni bwawa, nunueni vifaranga vya tilapia wa Nile, subirini pesa. Hakuna anayeuliza huyo samaki katoka wapi. Mimi nauliza.

Tilapia wa Nile, hapa Kenya, kwao ni kaskazini: Turkana na Baringo. Sisi tuna wetu, tilapia wa Sabaki, kwa jina la kitaalamu Oreochromis spilurus, samaki wa mito ya huku mashariki kama Tana na Athi-Sabaki. Jike huatamia mayai mdomoni. Na chumvi anaivumilia: Kuwait na Saudi Arabia wamemfuga kwenye maji ya bahari! Wenzetu wameona mali. Sisi tulio na bahari kutoka Diani mpaka Vanga tunamruka.

Mtaniambia wa Nile anakua haraka. Kweli, anakua. Lakini bwawa si sanduku. Masika yakija kwa nguvu linafurika, na samaki wanaishia Umba, Ramisi, Mkurumudzi. Huko wa Nile hagombanii chakula tu, anazaana na jamaa zake wa asili. Wanazaliwa machotara, nao machotara wanazaa tena. Hapo hakuna wavu wa kuwachambua. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mnadhani natisha watu? Tazameni Ziwa Victoria. Miaka ya 1950 waliletwa sangara na huyu huyu wa Nile. Leo ngege wa asili karibu ametoweka ziwani, mabaki yake yako vijiziwa kama Kanyaboli kule Siaya. Siku hizi ukiagiza ngege unaletewa wa Nile. Jina limebaki, mwenye jina kaondoka.

Sisemi msifuge. Vijana wa Msambweni wanataka kazi, na kazi ni haki yao. Nasema KMFRI wako hapo Mombasa, na kaunti ina maafisa wa uvuvi wanaolipwa kwa kodi zetu. Watutengenezee mbegu bora ya samaki wa kwetu.

Na wewe, kabla hujatoa pesa, uliza ni aina gani. Kama tayari unao wa Nile, funga wavu kwenye bomba la kutolea maji. Na ukimwona mtu anamwaga vifaranga mtoni eti anasaidia jamii, mkataze palepale.