Kumcheka Mtu na Kucheka Naye



Ndugu msomaji, hivi karibuni, baada ya swala ya Isha, vijana wa nyumbani kwetu Ujiji waliweka kompyuta juu ya meza, wakatuita sote tutazame filamu. Niliingiwa na wasiwasi, kwani mzazi wa zama hizi hajui kitakachotokea kwenye kioo hadi kiwe kimekwisha kuonekana. Kumbe filamu yenyewe haikuwa na sauti wala rangi, na umri wake ulimpita kila aliyekuwapo ukumbini, bibi yetu akiwamo. Ilikuwa ni "The Immigrant", yaani Mhamiaji, aliyoitengeneza Charlie Chaplin mwaka 1917. Haizidi nusu saa.

Mtu huyo si mgeni kwetu. Neno "chale", kwa maana ya mchekeshaji, tunalitumia kila siku, na wengi hulihusisha na jina lake.

Filamu inaanzia melini, baharini, miongoni mwa mafukara waendao Marekani. Tunamwona mtu ameinama ukingoni, mgongo ukitetemeka, nasi tukadhani anatapika kwa mawimbi. Akageuka: kumbe alikuwa akivua, na samaki yuko mkononi! Kisha wakaingia kula. Meli inayumba, sahani ya supu inateleza huku na huko mezani, na walaji wawili wanaivizia kila mmoja kwa zamu yake. Bibi, aliyewahi kusafiri kwa MV Liemba siku ya upepo, alicheka hadi akajifuta machozi kwa khanga. Ipo pia kamari humo, na hukumu yake sote twaijua. Niliwaeleza watoto papo hapo, tukaendelea.

Ghafla kicheko kikakatika. Abiria wanaiona Sanamu ya Uhuru ya New York, wanaitazama kwa matumaini, na mara hiyo hiyo maofisa wanawazungushia kamba na kuwasukuma nyuma kama mifugo. Bibi akasema neno moja tu: "Kagunga."

Wakazi wa Kigoma hawahitaji kufafanuliwa. Mwezi Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, na kipindupindu kikawavamia. Liemba hiyo hiyo, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, iliwachukua hadi Kigoma, wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu. Tuliowaona wakishuka hatujasahau.

Filamu ilipokwisha, watoto wakaanza kuiga mwendo wa Chale, miguu imetazama pande. Hayo ni ya watoto. Lakini mmoja wao, kijana wa miaka kumi na mitatu, aliona kicheko hakijatosha. Akaanza kumwigiza mama mmoja auzaye mawese mtaani, aliyevuka ziwa miaka mingi iliyopita, na ambaye lafudhi ya kwao haijamtoka. Akaigiza maneno yake, akaigiza anavyochechemea na dumu kichwani. Wenzake wakaangua kicheko. Nakiri, ndugu msomaji, nami nilitabasamu.

Bibi hakutabasamu. Alimwita, akamketisha. "Mjukuu wangu, yule wa kwenye kioo tulicheka naye. Huyu wewe unamcheka. Mama yangu mimi alivuka kwa mtumbwi kutoka ng'ambo, na hadi anazikwa hapa Ujiji, Kiswahili chake kilikuwa hivyo hivyo. Angalikuwa hai, ungalimwigiza pia?"

Kijana akainamisha kichwa. Nami nikainamisha changu.

Tangu usiku ule nimeitafakari tofauti hiyo. Katika filamu ile, anayeanguka ni Chale mwenyewe. Teke linampata ofisa mwenye mamlaka. Machozi ya binti aliyefiwa na mama yake hayakugeuzwa kichekesho: Chale alipoiona leso ya msiba mkononi mwake, naye alihuzunika. Tena mchekeshaji huyo alikuwa mhamiaji kweli, mzaliwa wa Uingereza. Mwaka 1952, akiwa melini kuelekea kwao, serikali ya Marekani ilifuta kibali chake cha kurudi, baada ya miaka ipatayo arobaini ya kuishi huko. Kamba aliyoiigiza ilimfikia mwenyewe.

Dini yetu haikuharamisha kucheka. Mtume, rehema na amani ya Allah zimshukie, alimwahidi mtu aliyeomba mnyama wa kupanda kwamba atampa mtoto wa ngamia. Mtu yule akashangaa, naye akamkumbusha kuwa hakuna ngamia asiyezaliwa na ngamia. Ulikuwa mzaha wa kweli, usiomvunjia mtu heshima. Lakini Suratul Hujuraat, aya ya 11, imetukataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa ndio bora.

Basi wazazi wenzangu, simu za watoto wetu zimejaa vichekesho vya watu walioteleza, wazee waliokosea maneno, na wageni wasiojua mji. Tusitosheke kuuliza kama kuna uchi au matusi. Tuketi nao, tuwaulize: hapa anachekwa nani, na yeye mwenyewe anacheka? Na sisi tujichunge, maana tabasamu langu la usiku ule kijana aliliona kabla ya kusikia maneno ya bibi.

Asubuhi yake alitumwa mawese. Sikumfuata kusikiliza alimwamkiaje mama yule. Alirudi na chupa imejaa hadi shingoni, akasema ameongezewa.

Allah azilinde ndimi zetu na vicheko vyetu. Aamin.