Ua Liitwalo "Niguse"

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii inawasadifu watunza bustani watokao Ukunda alfajiri kuelekea hoteli za Diani. Mgeni huiona alamanda ya manjano iliyochanua. Anayeipogoa hukutana na utomvu mweupe unaoweza kuiachia ngozi yake mwasho na vipele.

Yafaa kwanza kutenganisha maneno mawili. Upupu humwasha karibu kila augusaye, na utomvu wa mnyaa huunguza ngozi na macho bila kuchagua mtu. Huo ni mwasho na ukali. Mzio ni jambo jingine: mwili wa mtu mmoja hulikataa ua ambalo mwenzake hulishika bila dhara. Neno hili halikubuniwa hospitalini. Tangu zamani mzio ulikuwa chakula anachojiepusha nacho mtu fulani, ilhali wenziwe wanakila. Mtunza bustani asiyeelewa tofauti hiyo aghalabu hudhaniwa mvivu, kwa kuwa wenzake wanaligusa ua lile lile na hawadhuriki.

Je, dawa ni kumwondoa mtu au kulibadili ua? Ulaya ilikwisha kulijibu swali hili. Primula obconica, ua lenye asili ya China, lilisifika kwa uzuri na kuogopwa kwa mzio. Vinyweleo vya majani yake vina kemikali iitwayo primini, nayo ndiyo iliyowasumbua wauza maua na wanunuzi. Wataalamu waliteua na kuzalisha mimea isiyokuwa na primini, na aina mojawapo ikauzwa kwa jina la "Touch Me", yaani "Niguse". Ua halikupoteza rangi wala haiba yake.

Primula haistahimili joto la Pwani, lakini funzo lake linastahimili. Mimea mingi ya bustani za Diani huzalishwa kwa vipandikizi, na tawi lililokatwa huzaa mmea ulio sawa na mama yake. Kwa hiyo mmea mmoja ulio mpole, ukipatikana, waweza kuenezwa katika vitalu vyote vya Ukunda. Pana watakaosema kuwa utomvu ni ngao ya mmea dhidi ya wadudu na wanyama. Ni kweli, lakini mmea wa bustani una mlinzi, naye ndiye anayechomwa na ngao hiyo.

Kinachokosekana ni kigezo. Hadi leo ua huteuliwa kwa rangi, harufu na wingi wa kuchanua, vigezo vya jicho na pua ya mgeni. Mkono wa mtunzaji haujaulizwa. Watafiti wa mimea na wauza miche wauongeze ulizo huo, na wanafunzi wa Kiswahili wawape istilahi za kuuliza kwa lugha anayoielewa mwenye mkono. Ua lisiloweza kuguswa na anayelilea halijakamilika uzuri.