Hatimiliki iko sawa, lakini umekagua nyumba yenyewe?

Tangu nyumba zibomolewe Athi River Oktoba 2023, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, somo kwa vijana wanaosaka nyumba kuanzia Kitengela hadi Bisil limekuwa moja: usilipe kabla ya kukagua hatimiliki. Sawa kabisa. Lakini hatimiliki haikwambii msingi uko vipi.

Sehemu kubwa ya Kitengela imekaa juu ya udongo mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Kama fundi hakuuchimba na kuuondoa, kuta zitatoa nyufa tu. Shida ni kwamba broka anakuita rangi ikiwa bado mpya, na nyufa hazionekani.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi, lipa mhandisi aliyesajiliwa akague msingi, paa, nyaya na mabomba. Mwambie muuzaji akuonyeshe ramani zilizoidhinishwa na kaunti, pamoja na cheti cha mradi kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Rudi siku ya mvua. Uliza majirani maji hutoka wapi.

Muuzaji akimzuia mhandisi kuingia, umeshapata jibu. Tafuta nyumba nyingine.