Kumi na Tisa ni Tatu

Jumamosi jioni, Carama, Bujumbura. Chini ya mwembe, mzee alikuwa akicheza bao la igisoro na mjukuu wake wa darasa la sita. Bao hilo lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji ana safu zake mbili za mashimo manane. Mzee alichota kete 19, akawa anapima kwa macho zitamfikisha wapi. Mtoto akamwahi: "Babu, kumi na tisa ni tatu tu!"

Ni kweli kabisa. Kila mtu huzunguka katika mashimo yake 16, kwa hiyo kete 16 za kwanza zinamrudisha alipoanzia. Zilizobaki ndizo zinazoamua. Chuo kikuu hiyo huitwa hesabu ya mabaki na huandikwa kwa alama za kutisha. Mtoto huyu ameipata vidoleni, na sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia kuwa anajua hisabati.

Wenzetu wameijengea elimu ya namna hii nyumba kamili. Mathematikum, nyumba ya makumbusho ya hisabati ya Giessen, Ujerumani, iliyoanzishwa na profesa Albrecht Beutelspacher mwaka 2002, humwacha mgeni ashike kila kitu, hata asimame ndani ya kiputo cha sabuni kinachomzidi kimo. Ile ya New York, iliyofunguliwa mwaka 2012, ina baiskeli ya magurudumu ya mraba. Inateleza bila kumrusha mpandaji, kwa kuwa njia yake ina matuta yenye mkunjo wa mnyororo unaoning'inia, uliogeuzwa juu chini.

Na sisi je? Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward upande wa Kongo, Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mwaka 1950 mfupa uliochanjwa, wenye umri wa miaka kama 20,000. Safu moja ina chanjo 11, 13, 17 na 19: namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Wataalamu bado wanabishana. Wapo wanaoona kalenda ya mwezi. Mfupa wenyewe uko Brussels. Inaniuma kwamba mtoto wa Maziwa Makuu humaliza shule bila kushika hata nakala yake ya mti.

Hapa Carama si lazima tungoje jengo. Darasa moja siku ya Jumamosi linatosha, na mabao mawili matatu, waya na ndoo ya maji ya sabuni. Kunja waya uwe mchemraba, uchovye, uinue. Utando haushiki kuta sita kama unavyotarajia. Unakimbilia ndani na kufanya kimraba kidogo katikati, na kila tando tatu zinapokutana, pembe kati yake ni nyuzi 120. Mtoto akiuliza kwa nini, somo limeanza.

Waya nimeshanunua Kinama. Sasa namtafuta mwalimu wa kutufungulia darasa.