Fleti ya Nairobi ni yako, lakini lizi imebakisha miaka mingapi?

Mpwani anayenunua fleti Nairobi huuliza bei, maji, maegesho na umbali wa msikiti. Miaka iliyobaki kwenye lizi ya kiwanja huulizwa mwisho, au haiulizwi kabisa. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Aprili 2025 unaonyesha kwa nini swali hilo lingekuwa la kwanza.

Kesi ilihusu kiwanja cha Ngara, karibu na katikati ya jiji. Waliokuwa na lizi waliomba waongezewe muda. Badala yake kiwanja kikapewa kampuni nyingine, nayo ikakiuza. Mvutano ukachukua miaka mingi kortini. Mwishowe Mahakama ya Juu iliamua kwamba wenye lizi ya awali walikuwa na haki ya kutarajia kufikiriwa kwanza. Mnunuzi wa mwisho hakuokolewa na hoja kwamba alinunua kwa nia njema, kwa kuwa mgao wenyewe ulikuwa na kasoro. Hati mkononi pekee haikutosha.

Ngara haiko peke yake. Viwanja vingi vya katikati ya Nairobi, Parklands na Westlands vilitolewa enzi za ukoloni kwa lizi za miaka 99. Iliyoanza 1928 inaisha 2027, na iliyoanza 1935 inaisha 2034. Siku ya mwisho ikifika, ardhi hurudi serikalini pamoja na kilichojengwa juu yake.

Sheria haikumwacha mwananchi mikono mitupu. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema aliyekuwa na lizi apewe nafasi ya kwanza, mradi ni raia wa Kenya na ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Kanuni za 2017 zinaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi imjulishe mwenye lizi ndani ya miaka mitano kabla ya muda kwisha. Lakini barua hutumwa kwa anwani iliyo kwenye rekodi. Ikiwa hati bado ina jina la marehemu babu na sanduku la posta lililofungwa zamani, nani ataisoma?

Neno "raia" nalo lina uzito kwetu, watu wenye jamaa Uingereza, Marekani na Oman. Aliyepoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine kabla ya Katiba ya 2010 harudishiwi hivi hivi; Mkenya wa kuzaliwa ana haki ya kuurejesha, lakini lazima aombe. Na kampuni ya familia huhesabiwa ya Kenya iwapo hisa zake zote ni za raia. Hisa moja ya binamu asiye raia inatosha kuifanya ya kigeni mbele ya Katiba.

Kwa wenye fleti za Kilimani, Kileleshwa na Lavington jambo ni zito zaidi. Fleti arobaini zinaweza kukaa juu ya lizi moja. Sheria mpya ya fleti ya 2020 inampa kila mwenye fleti hati yake, lakini haiongezi hata siku moja kwenye lizi ya kiwanja, na haitumiki pale ilipobaki chini ya miaka 21. Mtu mmoja hawezi kuokoa fleti yake peke yake. Lazima wenye jengo waende pamoja, na ada zigawanywe mapema.

Sisi wa Mombasa tunaijua hali hii kwa sura nyingine. Majengo na Kisauni kuna wenye nyumba wasio na ardhi, wanaolipa kodi ya kiwanja huku wakiishi kwa hisani ya mwenye shamba. Nairobi mwenye shamba ni serikali, na tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye hati.

Kwa hivyo, kagua rekodi kupitia Ardhisasa au wakili kabla ya kulipa. Kama tayari ni mwenye lizi, lipa kodi ya ardhi na ada za kaunti, badilisha jina la marehemu, na uombe nyongeza lizi ingali hai. Kuongezewa muda ulionao ni jambo moja. Kuomba upya ardhi iliyokwisha kurudi serikalini ni jingine, na hapo ndipo wajanja hupenya.

Serikali nayo ina deni. Mwananchi akiomba kwa wakati, ajibiwe kwa wakati. Ombi linapokaa kwenye faili bila jibu hadi lizi inakufa, haki ya kwanza hubaki maandishi tu, na si kila familia ina uwezo wa kuifuata hadi Mahakama ya Juu.